Mwanamke wa Bomba la Nta

Mzee alikuwa amekataa, na Mzee akikataa jambo, hata paka wa nyumba ile alijua ajifiche wapi.

"Nyumba yangu, jiko langu, kifua changu," alisema, akatupia bonge jingine la makaa ya mawe ndani ya jiko la chuma lililokaa katikati ya sebule. Kisha akakohoa mpaka kofia ikamwangukia machoni.

Mkwewe alisimama mlangoni na sinia la chai, akangoja kikohozi kiishe. Kungoja alishazoea. Daktari wa zahanati alikuwa amesema bila kupepesa macho, mbele ya familia nzima, kwamba mapafu ya Mzee yamejaa vumbi la shimoni alikochimba makaa miaka yote na hilo halina dawa, ila moshi wa jiko ndani ya nyumba ndio unaommalizia. Akiendelea nao, msimu huu wa baridi hataumaliza. Na baridi ya mji ule si ya mchezo, ndugu yangu. Ni baridi ya milimani, inapita hata kwenye tundu la ufunguo, na nyumba isiyo na moto haikaliki. Kwa hiyo mwanawe na mkwewe walileta jiko jipya linalotumia mafuta ambayo kiwanda cha mji huyatengeneza kutokana na makaa, lenye bomba lake la kutoa hewa chafu nje, wakaliweka kwenye kona. Siku ileile Mzee alilifunika blanketi gubigubi akasema hataki kuliona.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alimwambia mkwewe sasa, akipokea kikombe. "Na hayo mafuta yenu ni uongo mtupu. Makaa si nazi, eti uyakune ukamue tui! Malori yanaingia pale kiwandani kukiwa na giza, yamejaa mafuta kutoka bandarini. Asubuhi yanatoka na mafuta yaleyale, na ninyi mnapigiana makofi."

"Baba, si mimi ndiye ninayefanya kazi palepale?"

"Ndiyo maana. Anayekula pale atasema nini?"

Mumewe hakuwa msaada. Alikuwa dereva wa lori la mafuta, nusu ya wiki yuko njiani, na akiwa nyumbani alimwogopa baba yake kuliko alivyoogopa mteremko wenye utelezi. "Mwombe wewe," alikuwa akimwambia mkewe. "Wewe anakupenda." Haya basi, mapenzi yenyewe ndiyo hayo ya kutukanwa asubuhi na jioni.

Kiwandani mwanamke huyu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Bi Vuguvugu. Majina ya utani hayana haki hata kidogo, maana yule hana chembe ya uvuguvugu mwilini. Akipenda amependa, akikasirika sufuria zinajua. Jina lilitokana na siku alizokuwa bado mfagiaji, anafagia vumbi la makaa chini ya mkanda wa kupakia. Alipita karibu na bomba moja, akaligusa kwa mgongo wa mkono, akawaambia mafundi waliokuwa wakinywa chai, "Jamani, hili ni vuguvugu. Jana halikuwa vuguvugu." Wakamcheka. Kabla ya jioni bomba lilikuwa limeziba ndi! Mafundi wale, kwa kuwa walikuwa watu wa haki ingawa walipenda masihara, walikwenda wenyewe kwa mkubwa wao kumwombea ahamishwe kutoka kwenye ufagio. Akasoma masomo ya jioni huku mtoto yuko mgongoni, akafaulu, akakabidhiwa bomba la nta. Hajaliacha mpaka leo.

Ili ujue bomba hilo ni nini, msikilize mwenyewe alivyokuwa akimweleza Mzee, jioni baada ya jioni, kwa subira ambayo mimi nisingekuwa nayo.

"Sikiliza, Baba. Makaa yanafika kwenye kinu, yanasagwa. Yanaingizwa kwenye tanuri kubwa pamoja na mvuke na hewa kidogo, hewa ya kubania, ili yasiungue yakaisha. Yanageuka gesi. Gesi inaoshwa mpaka salfa yote itoke, maana salfa ni sumu kwa hatua inayofuata. Halafu gesi safi inapita kwenye unga wa chuma, na hapo ndipo penye maajabu. Vile vipande vidogo vidogo vya gesi vinashikana kimoja baada ya kingine, kama mtu anatunga shanga. Uzi mfupi unabaki gesi. Mrefu kidogo, petroli. Ukizidi, mafuta ya taa na dizeli. Mrefu kabisa ndiyo nta. Nayo nta tunaipeleka kwenye chumba cha kukatia, tunazikata zile nyuzi, tunapata dizeli ya magari na mafuta ya kupashia nyumba joto."

"Shanga," Mzee alisema. "Sasa tumefika kwenye shanga."

Bomba la Bi Vuguvugu ndilo linalopeleka nta kutoka kwenye mtambo wa shanga hizo mpaka chumba cha kukatia. Linavuka yadi nzima. Nta ikiwa ya moto inatiririka kama maji. Ikipoa inakuwa jiwe, na jiwe ndani ya bomba ni msiba. Kwa hiyo bomba kubwa limefungwa pamoja na vibomba vyembamba vya mvuke, vyote vimeviringishiwa koti la kuzuia joto lisitoke. Mvuke ukifanya kazi yake unachoka, unageuka maji, na maji hayo lazima yatoke ili mvuke mpya upite. Yanatokea kwenye vidude vya chuma vilivyopangwa chini ya bomba, ambavyo wafanyakazi wanaviita vitema mate. Ukipita pale utasikia tfuu, tfuu, kila kimoja kwa wakati wake, na ukiwa mgeni utaruka.

Bi Vuguvugu alivijua vitema mate vyake kimoja kimoja kama mama mwenye watoto wengi. Kila zamu alitembea kutoka mwanzo wa bomba mpaka mwisho, akigusa pale palipo wazi kwa mgongo wa mkono. Kwa nini mgongo? Kiganja kikikutana na chuma cha moto hujikunja na kukishika, lakini mgongo wa mkono hukimbia wenyewe. Vipimajoto vipo, tena vizuri, na alivisoma vyote. Lakini vilikuwa kwenye ncha za bomba tu, na katikati ni yadi nzima ya kuamini. Nyumbani hakuweza kujizuia. Birika aliligusa hivyohivyo, na vipaji vya nyuso za wanawe, na ukuta, na kitanda. Mumewe alikuwa akilalamika kwamba ameoa kipimajoto.

Nisikufiche, kiwanda chenyewe si malaika. Kinakunywa maji kama ngamia, na bomba lake la moshi halijawahi kumfurahisha mtu mwenye nguo kwenye kamba. Lakini bila hicho mji ule usingekuwa na kitu kingine cha kupasha nyumba zaidi ya kuchoma makaa yenyewe sebuleni, kama Mzee. Bi Vuguvugu alilijua hilo, na ndiyo maana kila alipolifunga koti la bomba vizuri alijiona amefunga dirisha la nyumba ya mtu.

Mara moja kwa mwaka kiwanda hufungua lango kwa familia za wafanyakazi. Mwaka ule siku hiyo iliangukia katikati ya baridi kali, na Bi Vuguvugu akaona huu ndio mwanya. Alimshawishi Mzee wiki nzima. Alimbembeleza, akamtania, akanuna, mwishowe akamwambia, "Kama ni uongo, Baba, si uje utuumbue?"

Hapo Mzee akainua kichwa. "Nitakuja," alisema. "Nikaone kwa macho yangu mnavyodanganyana."

Alikuja na koti lake zito na mkongojo wake wa mti mgumu. Walitembea polepole, wakipumzika kila walipokuta pa kukalia. Kwenye mkanda wa kupakia, Mzee aliinama akaokota bonge lililoanguka. Akaligeuza, akalinusa, akalikwaruza kwa ukucha.

"Hili la tabaka la chini," alisema. "Lina mng'ao. Kule juu makaa ni mabovu, yanameguka kama mkate mkavu. Hili ukilipata, ulilitafuta."

Sauti yake ilikuwa imechangamka kama ya kijana. Bi Vuguvugu alifurahi, lakini alikuwa na haraka ya kumfikisha penye mafuta, akamshika mkono wakasonga mbele. Mzee akaliachia bonge lake likaanguka.

"Sasa mafuta yako wapi?" aliuliza walipofika yadi.

"Yamo humo ndani, Baba. Kwenye mabomba."

"Naona mabomba tu. Bomba hata chooni kwetu lipo."

Bi Vuguvugu alicheka, na huku anacheka mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kibomba kimoja cha kutolea maji, pale palipo wazi, kama alivyofanya maelfu ya mara. Kicheko kikamkauka. Mkono haukukimbia. Ulitulia pale juu ya chuma kwa raha zake. Akatega sikio. Yadi ilikuwa kimya. Hakuna tfuu hata moja.

Akamwona fundi mmoja anapita, yule wanayemwita Spana, amevaa ovaroli mpya na anameremeta kwa furaha.

"Spana! Vitema mate vina nini?"

"Umeonaje yadi leo, dada? Kavu, safi!" Spana alisema. "Nimevifunga vyote tangu asubuhi. Wageni na watoto wao, jamani, tuwapokee kwa kuwatemea mate?"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja na mwenyeji akataka kukata roho. Spana hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na adabu tu, na adabu yake ndiyo iliyojaza maji kwenye vibomba vyote vya mvuke mpaka mvuke ukakosa pa kupita. Halafu, kwa ajili ya wageni haohao, mitambo ilikuwa imepunguzwa kasi ili isipige kelele, na nta ndani ya bomba ilikuwa ikitambaa badala ya kukimbia. Inatambaa, inapoa, inaganda.

Bi Vuguvugu hakupiga yowe. Alimwita msimamizi wa zamu kwa simu ya upepo, mtu mrefu anayeitwa Twiga, akamweleza kwa maneno machache. Wageni wakaondolewa yadi kwa upole wakapelekwa kantini. Mzee alikataa kwenda. "Mguu wangu umechoka," alisema, akakaa juu ya sanduku la chuma kando ya bomba, akaweka mkongojo katikati ya magoti.

"Tufungue vitema mate vyote, tumwage maji, turudishe mvuke?" Spana aliuliza. Alikuwa amepauka kuliko nta yenyewe.

"Maji tutayamwaga. Mvuke, ngoja," Bi Vuguvugu alisema.

Twiga alitikisa kichwa kukubali, maana naye aliijua hatari. Nta ikiyeyuka huvimba. Ukiipasha katikati, na pande zote mbili imeziba, haina pa kukimbilia, na bomba linapasuka na kumwaga moto juu ya kila aliye karibu. Unaanza kwenye mwisho wa kizibo, penye upenyo, unarudi nyuma kipande kwa kipande. Kila kipande cha bomba kilikuwa na valvu yake ya mvuke. Swali lilikuwa moja tu.

"Kizibo kinaishia wapi?" Twiga aliuliza.

"Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya," alijibu. "Mkono unaniambia joto la nje. Ndani hausemi."

Alichukua spana, akaanza kugonga bomba pale palipokuwa na chuma kitupu, kwenye maungio, akitega sikio. Ko, ko, ko, ko. Alisikia chuma, na hakusikia zaidi ya chuma.

"Wewe!" Mzee aliita kutoka kwenye sanduku lake. "Unabisha hodi au unasikiliza?"

"Nasikiliza, Baba."

"Hapana, unabisha hodi. Gonga mara moja, kisha nyamaza uache likujibu." Alikuwa ameshainuka. "Shimoni, kabla hujapita chini ya mwamba, unaugonga. Mwamba mzima unaimba. Uliolegea unanung'unika. Aliyeshindwa kutofautisha hakurudi nyumbani kula."

Twiga alimtazama Bi Vuguvugu. Mzee hakuwa mfanyakazi, na taratibu ni taratibu.

"Huyu ni baba yangu," Bi Vuguvugu alisema. "Yuko na mimi."

Twiga akavua kofia yake ngumu akamvika Mzee juu ya ile ya sufu. Vituko! Lakini hakuna aliyecheka.

Wakaanza. Mzee aliweka ncha ya mkongojo kwenye chuma, ncha nyingine kwenye sikio, akafumba macho. Bi Vuguvugu akagonga mara moja.

"Hai," Mzee alisema.

Wakasogea kwenye ungio jingine. "Hai." Jingine tena. "Hai, lakini imechoka." Bi Vuguvugu alipitisha mgongo wa mkono palepale, akakubali kwa kichwa, akaweka alama kwa chaki. Kwenye ungio lililofuata Mzee alikaa muda mrefu kuliko kwingine. "Hii imekufa," alisema. "Haijibu kitu."

Mwanzo wa kizibo walikuwa wameupata, na sasa walitaka mwisho. Na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, maana kusikiliza namna ile kunataka pumzi ishikwe. Mtu anapumua, anasikia kupumua kwake. Mzee alivuta hewa, akaishika, na kabla spana haijagonga kifua kikamlipuka. Akakohoa ameshikilia bomba. Akajaribu tena, akakohoa tena. Kila hatua aliyopiga ilimgharimu zaidi, na midomo yake ikaanza kubadilika rangi.

"Basi, Baba," Bi Vuguvugu alisema. Machozi yalikuwa karibu. "Basi. Tutatafuta njia nyingine. Bomba si kitu, wewe ndiye mtu."

Mzee alijipiga ngumi kifuani. "Nyamaza, we!" alikifokea kifua chake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anayejisemea mwenyewe, "Kelele tupu. Nasikia kifua badala ya bomba."

Mzee alisimama ameinamisha kichwa chenye kofia mbili. Alikuwa amewahi kuusikia mwamba ukisogea kabla haujasogea, akawatoa wenzake, na watu wakaishi. Sasa hakuweza kunyamaza kwa muda wa pigo moja la chuma. Uchungu ulimjaa usoni, na Bi Vuguvugu, aliyeuona, alitamani kuuchukua aubebe yeye.

Halafu Mzee akanyoosha mkongojo.

"Njoo wewe. Weka sikio hapa. Shika pumzi, mimi sina ya kushika."

Akampa mkongojo, akachukua spana. Akamrudisha kwanza kwenye ungio lililo hai ili alijue, kisha kwenye lililokufa. "Umesikia mkia wa sauti? La kwanza lina mkia. Hili limekatwa." Mara ya kwanza hakusikia. Mara ya pili akasikia, au akadhani amesikia. Mara ya tatu alitoa macho. "Nimesikia, Baba! Nimesikia!"

"Usipige kelele, unaniamshia kikohozi. Twende."

Wakaenda hivyo, mmoja akigonga, mwingine akisikiliza, mkono ukithibitisha kila penye shaka. Imekufa, imekufa, imekufa. Karibu na kona ya chumba cha kukatia, Bi Vuguvugu alibaki ameganda na mkongojo sikioni. Akaomba agongewe tena. "Hai," alisema. "Hapa ni hai. Inaishia nyuma ya hapa." Mzee hakumtazama. Aligonga mara nyingine kwa ajili yake mwenyewe, akaitikia kwa kichwa, akaketi palepale chini.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya subira. Maji yalishamwagwa kwenye vibomba vyote. Spana alifungua tundu la kutolea nta kwenye ungio lile na kuweka karai chini. Twiga alifungua valvu ya mvuke ya kipande cha mwisho, nusu mzunguko, si zaidi. Wakangoja. Kitema mate cha hapo kikaguna, kikatoa maji baridi, kikatoa maji ya moto, kikatema. Tfuu! Spana alikaribia kukibusu. Wakarudi nyuma kipande kimoja, kingine, kingine, kila mmoja akigusa na kungoja. Kwenye tundu likatoka tone. Likafuata jingine. Ukaja uzi mwembamba, na ghafla nta ikamiminika ndani ya karai, angavu kama maji ya kisima, ikifuka mvuke. Wafanyakazi waliokuwa wamekusanyika wakashangilia kama timu yao imefunga.

Twiga alipouliza baadaye, kwa ajili ya taarifa, ni nani aliyevifunga vitema mate, Bi Vuguvugu alimwangalia Spana aliyekuwa akitafuta shimo la kujitumbukiza. "Tulivifunga sisi, tumevifungua sisi," alisema. "Mwakani wageni tuwape miavuli."

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Kwanza alichota nta kidogo kutoka kwenye karai, akaiacha ipoe, akaijaribu kwa mgongo wa mkono, akaiweka kwenye kiganja cha Mzee. Ilikuwa imeshageuka nyeupe pe.

"Hii ndiyo nini?"

"Ni makaa, Baba."

"Meupe?"

"Meupe."

Mzee aliigeuza, akainusa, akaikwaruza kwa ukucha. "Ya shimo gani?"

"Ya shimo lenu. Hatuna jingine."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mzee alikohoa tu, na Bi Vuguvugu alimshika kiwiko, akihesabu moyoni makosa yake yote. Nimemchosha mzee wa watu. Nimemwaibisha mbele ya vijana. Nimemchukua nikamponye, nimemrudisha nusu mfu.

Nyumbani watoto walikuwa uani wakicheza. Mzee alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye jiko lake la makaa, akavuta kiti, akakaa. Moshi ukamfikia, akakohoa. Hakuongeza bonge.

"Mimi si mpumbavu," alisema.

"Najua, Baba."

"Yale ya malori gizani nilikuwa nasema tu. Kiwanda niliona kinajengwa. Mkanda naona unapeleka makaa. Mwenye macho haambiwi tazama."

Hapo Bi Vuguvugu uvumilivu ukamwishia. Hakuwahi kumpandishia sauti baba mkwe wake hata siku moja, na siku hiyo alipandisha. "Sasa kwa nini, Baba? Kwa nini? Daktari kasema, mwanao kakupigia magoti, mimi nimeeleza mpaka ulimi umekauka! Kwa nini unajiua mbele ya wajukuu zako?"

Mzee hakukasirika. Aliangalia makaa yanayowaka.

"Kila ukinieleza," alisema taratibu, "unaanzia kwenye kinu. Makaa yanafika kwenye kinu, yanasagwa. Yamefikaje? Yameota miguu? Mimi nilishuka shimoni ndevu hazijaota. Wenzangu nimewaacha kule chini, wengine hata kuwazika hatukuwazika. Halafu wewe, ninayekupenda kama mtoto niliyemzaa, unakuja jioni baada ya jioni kunisimulia hadithi ya makaa. Mvuke umo, chuma kimo, shanga zimo. Mimi simo." Alinyoosha kidole kwenye jiko. "Hili pekee lilikuwa linanitaja. Nikilizima, nilichimba nini? Nilichimba moshi?"

Bi Vuguvugu aliketi sakafuni. Ilikuwa kweli. Alikumbuka lile bonge chini ya mkanda, sauti ya Mzee ilivyochangamka, na yeye alivyomvuta mkono waendelee na safari. Akalia, na hakujificha.

"Usilie," Mzee alisema. "Leo nilikuwemo."

Akainuka. Akachukua koleo na ndoo, akafungua mlango wa jiko, akaanza kuyatoa makaa yaliyowaka, kidogo kidogo, akipumzika. Bi Vuguvugu alipotaka kumpokea koleo alimkatalia. Ndoo ilipojaa ndipo alipokubali mkwewe ashike upande mmoja wa mshikio wake, wakaitoa pamoja mpaka uani, wakaimwaga kwenye udongo, wakamwagia maji. Watoto wakaacha mchezo wakatazama mvuke ukipanda. Hawakuwahi kumwona babu yao akizima moto.

Sebule ilipoa upesi. Bi Vuguvugu aliliondolea jiko jipya blanketi lake, akalijaza mafuta, akaliwasha. Ndimi za moto zikatoka za buluu, ndogo, zikatulia. Hakukuwa na moshi. Mzee alisogeza kiti, akavuta kola ya koti, akanyoosha miguu kuelekea joto.

"Haya," alisema. "Nieleze tena. Na leo usiruke."

Bi Vuguvugu alifuta uso kwa upindo wa nguo yake, akakaa vizuri karibu na magoti ya Mzee.

"Kwanza, Baba," alianza, "mtu anashuka shimoni."